Kompyuta ya Mezani Inayojizima Ghafla: Namna ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kifaa Kipya

Kompyuta ya mezani ikijizima katikati ya kazi, watu wengi hukimbilia moja kati ya mambo mawili: kuipeleka kwa fundi ipigwe Windows upya, au kwenda dukani kununua pawa saplai nyingine, yaani kile kiboksi cha ndani ya kasha kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vifaa vyote. Mara nyingine yote mawili hufanyika katika juma moja, fedha zinatoka, na siku ya tatu mashine inazima vilevile kama ilivyokuwa ikizima mwanzo. Nimetengeneza kompyuta za mezani hapa Tanga kwa miaka mingi, na nimeona kwamba hasara nyingi huanzia pale mtu anapoishika bisibisi kabla ya kuitazama mashine inavyozima. Kila hitilafu huzima mashine kwa namna yake, na namna hiyo ikiangaliwa kwa makini kwa siku mbili tatu hupunguza kazi ya kutafuta kwa zaidi ya nusu.

Kabla ya lolote, nakili mafaili yako muhimu kwenye flashi au diski ya nje. Kuzimika ghafla wakati diski inaandika kunaweza kuharibu faili lililo wazi, na kukijirudia mara nyingi kunaweza kuharibu mpangilio mzima wa mafaili, ikawa sasa una matatizo mawili badala ya moja. Fanya hivyo leo, hata kama mashine inaonekana imetulia.

Tazama inavyozima

Jambo la kwanza la kutofautisha ni kuzima kwenyewe. Iwapo kioo kinakuwa cheusi, feni zinasimama na taa ya mbele inazimika kwa mara moja, kana kwamba mtu amechomoa waya ukutani, basi umeme umekatika mahali fulani kati ya soketi na mazabodi (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote), au mazabodi yenyewe imeamuru kuzima ili kujiokoa na joto. Iwapo mashine inajiwasha upya yenyewe bila kukaa kimya, huenda Windows imekumbana na kosa kubwa na imepangiwa kujiwasha upya kila inapofikwa na hali hiyo, ingawa pawa saplai dhaifu nayo huweza kufanya vivyo hivyo. Iwapo programu zinafungwa moja moja na maneno ya kuaga yanaonekana kwenye kioo, hapo kuna programu iliyotoa amri, na hakuna haja ya kufungua kasha hata kidogo. Na iwapo kioo kimekuwa cheusi lakini feni zinaendelea kuzunguka, kompyuta haijazima: shida iko kwenye monita, kebo yake, kadi ya picha, au ni mpangilio wa kulala tu.

Jambo la pili, ambalo watu wengi hulipita, ni jinsi mashine inavyokubali kuwaka baada ya kuzima. Bonyeza swichi mara moja na usubiri. Ikiwa haijibu kabisa mpaka uchomoe waya wa umeme, usubiri nusu dakika, kisha uurudishe, basi pawa saplai ilijifunga yenyewe kwa ulinzi wa ndani, ama kwa sababu ya shoti, ama kwa sababu ya kubebeshwa mzigo kuliko uwezo wake. Ikiwa inawaka papo hapo lakini inazima tena mapema kuliko mara ya kwanza, na kila ukirudia muda unazidi kuwa mfupi, shuku joto, kwa kuwa kifaa hakikupata nafasi ya kupoa. Ikiwa inawaka vizuri na kukaa saa nyingi bila tatizo, geuza macho kwenye umeme wa ukutani na kwenye viunganishi vilivyolegea.

Weka daftari kando ya kibodi. Kila inapozima andika saa, kazi uliyokuwa ukifanya, dakika zilizopita tangu ilipowashwa, na kama kuna kitu kingine chumbani kilichoyumba wakati huohuo. Niliwahi kuitwa katika duka la steshenari ambalo kompyuta yake ilikuwa ikizima karibu kila jioni, na mwenye duka alikwisha kununua pawa saplai ya pili. Nilimwomba achomeke taa ya mezani kwenye ekstensheni ileile na aandike kila tukio. Baada ya siku nne akaniambia, “Fundi, taa inakonyeza, halafu mashine inalala.” Alipotazama vizuri saa alizoandika, zilikuwa zilezile ambazo fundi vyuma wa jirani huwasha mashine yake ya kuchomelea. Pawa saplai ya kwanza ilikuwa nzima, na mpaka leo inafanya kazi katika kompyuta nyingine.

Soma kumbukumbu za mfumo

Windows huandika yanayotokea ndani yake. Bonyeza kitufe cha Windows, andika eventvwr.msc, fungua sehemu ya “Windows Logs” kisha “System”, na utafute saa uliyoiandika kwenye daftari. Namba ya tukio 41 yenye chanzo “Kernel-Power” ndiyo watu huipata wakadhani wamefika mwisho wa safari, lakini namba hiyo huandikwa mashine inapowaka tena, na maana yake ni kwamba mara iliyopita haikuzimwa kwa utaratibu. Haitaji aliyezima. Namba 6008 nayo inasema jambo hilohilo. Kilicho na faida zaidi ni kufungua maelezo ya tukio la 41 na kuangalia mstari wa “BugcheckCode”: ikiwa ni sifuri, mfumo haukupata hata nafasi ya kuandika kosa, na hapo umeme au joto ndio washukiwa wa kwanza, ikiwa ni namba nyingine yoyote, Windows ilipata kosa la kioo cha bluu, na unapaswa kufuata njia ya dreva (programu ndogo zinazoendesha vifaa), RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na diski.

Namba 1074 ni ya aina nyingine kabisa. Hiyo huandika jina la programu au mtumiaji aliyeamuru mashine izime, na ukiipata, tatizo lako limekwisha kujulikana: huenda ni masasisho ya Windows, huenda ni ratiba iliyowekwa na mtu aliyetumia mashine kabla yako. Toleo la majaribio la Windows Server likimaliza muda wake, kwa mfano, huzima mashine kila baada ya saa moja, na nimeona watu wakibadilisha vifaa kwa sababu hiyo. Wanaotumia Linux wanaweza kuandika journalctl -b -1 -e na kusoma mistari ya mwisho kabla ya kuzima. Ikikatika ghafla bila dalili ya kuaga, hukumu ni ileile ya sifuri.

Kwa wale ambao mashine zao hujiwasha upya, ondoa kwanza mpangilio unaoficha kosa. Andika sysdm.cpl, nenda kwenye mipangilio ya juu (“Advanced”), sehemu ya kuwaka na kurejea (“Startup and Recovery”), na uondoe alama kwenye kujiwasha upya yenyewe (“Automatically restart”). Safari ijayo kioo cha bluu kitabaki mbele yako na utaweza kunakili jina la kosa.

Kuhusu virusi, ambavyo hutajwa kila mara: imani hiyo ina asili yake. Agosti 2003 kirusi cha Blaster kiliwafanya watu wengi duniani waone Windows XP ikihesabu sekunde 60 kurudi nyuma na kujiwasha upya. Lakini hata hicho kilitoa onyo kwenye kioo. Mashine inayokatika kama taa bila neno lolote ni nadra sana kuwa na kirusi, na kupiga Windows upya hakutaiponya.

Kuna jaribio moja rahisi la kuiondoa Windows katika orodha ya washukiwa. Washa kompyuta, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mazabodi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, na uiache hapo kwa saa moja au mbili. Ikizima ikiwa ndani ya BIOS, Windows haihusiki kwa namna yoyote. Ikikaa bila kuzima, usihitimishe kwamba vifaa ni vizima, kwa sababu ndani ya BIOS kadi ya picha na diski hazifanyi kazi kubwa na pawa saplai haijabebeshwa mzigo wake wa kawaida.

Umeme wa ukutani, ekstensheni na UPS

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230 wenye mizunguko 50 kwa sekunde, maana yake mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20. Pawa saplai ya kompyuta, ikiwa imebeba mzigo wake wote, kwa kawaida huweza kuvumilia pengo la milisekunde 16 hivi kabla ya kuachia. Ndiyo maana taa inaweza kukonyeza tu, feni ya darini isionyeshe lolote, na kompyuta ikazima: pengo ambalo jicho halikulijali lilitosha kwa pawa saplai. Zile za zamani zenye swichi nyekundu ya volti nyuma huwa hazivumilii pia umeme mdogo wa jioni, tofauti na nyingi za sasa zilizoandikwa kuwa zinapokea volti 100 hadi 240. Swichi hiyo nyekundu isiguswe. Hapa kwetu inakaa kwenye 230 siku zote, na kuisogeza kwenye 115 huku waya umechomekwa kutaiunguza pawa saplai mara moja.

Anza kwa kuchomeka kompyuta moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, bila ekstensheni, bila adapta na bila UPS, ukitumia waya mwingine wa umeme. Jaribio hili halina gharama, nalo limemaliza matatizo mengi kuliko ninavyoweza kuyahesabu. Sukuma waya mpaka mwisho upande wa nyuma wa kasha, kwa kuwa kichwa chake hulegea kikichomolewa mara nyingi, kisha gusa plagi baada ya nusu saa ya kazi. Plagi au ekstensheni ikiwa ya moto mkononi, mguso wa ndani umeungua na kifaa hicho hakifai tena hata kwa kuchaji simu.

UPS, kile kifaa chenye betri ya kushikilia kompyuta umeme unapokatika, inahitaji maneno zaidi, kwa sababu mtu aliyeinunua huamini kwamba amekwisha kujilinda. Betri ya ndani, ambayo kwa UPS ndogo huwa ya volti 12, huchoka baada ya miaka michache, na mapema zaidi katika vyumba vya joto. Ikishachoka, UPS huendelea kuonyesha taa ya kijani kwa muda wote ambao umeme wa ukutani upo. Umeme unapoyumba kidogo tu, inahamia kwenye betri isiyo na kitu na kuizima kompyuta ambayo bila UPS pengine ingevumilia. Ipime kwa kuchomeka taa ya wati 60 badala ya kompyuta, kisha uchomoe UPS ukutani. Taa ikizimika papo hapo au baada ya sekunde chache, badilisha betri. Angalia pia uwezo wake kwa wati, si kwa namba kubwa ya VA iliyoandikwa usoni, maana UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati 360 hadi 390 tu. Printa ya leza haipaswi kuchomekwa kwenye UPS hiyo kamwe: inapopasha joto kabla ya kuchapa huvuta mamia ya wati kwa mara moja, na ndiyo sababu ya kompyuta nyingi za steshenari kuzima mteja anapoagiza nakala. Stebilaiza nayo husaidia pale umeme unapopungua au kuzidi kwa muda, lakini haina betri, hivyo haiwezi kuziba pengo la kukatika.

Shahidi mwingine yuko ndani ya BIOS. Kuna mpangilio unaoamua mashine ifanye nini umeme unaporudi. Uweke kwa muda kwenye kuwaka yenyewe. Umeme wa ukutani ukikatika na kurudi, mara nyingi utaikuta mashine imekwisha kuwaka. Ukiikuta imezima na haijajiwasha, uwezekano mkubwa ni kwamba chanzo kiko ndani ya kasha.

Joto

Prosesa za sasa hujilinda kwa hatua. Nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi, na nyingi za AMD aina ya Ryzen zina kikomo cha 95. Zikikaribia hapo hupunguza kasi, na joto likizidi kupanda licha ya hayo, mashine hukatwa umeme bila onyo. Kwa hiyo kompyuta inayozidi kuwa nzito kwa dakika kadhaa kabla ya kuzima inazungumza wazi juu ya joto. Weka programu kama HWiNFO, iamuru iandike vipimo kwenye faili, endelea na kazi, na mashine itakapozima fungua faili hilo usome mistari ya mwisho. Nyuzi 60 hadi 80 wakati wa kazi nzito katika chumba chetu cha pwani ni hali ya kawaida. Ukikuta 95 na kupanda, umepata njia.

Zima mashine, chomoa waya, bonyeza swichi ya kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha kisha fungua ubavu. Usiridhike kwa kuona feni inazunguka. Fungua skrubu za feni iliyo juu ya hitisinki (chuma chenye mbavu kinachopoza prosesa), uinyanyue, na utazame kilichoko chini yake: mara nyingi juu ya mbavu za aluminiamu kuna tabaka la vumbi lililoshikana kama kipande cha sufi, zito kiasi kwamba unaweza kulibandua kwa vidole likatoka zima, na feni ilikuwa ikizunguka juu yake kwa miezi bila kupitisha hewa yoyote. Litoe kwa mkono kwanza, halafu brashi laini, halafu bloa, huku umeshika mapanga ya feni yasizunguke. Kazi hii ifanyike nje. Usiipeleke kompyuta kwa wajaza upepo wa matairi. Upepo wa kompresa zao hutoka na matone ya maji na mafuta, na mgandamizo wake unaweza kung’oa vijisehemu vidogo.

Kisha chunguza jinsi hitisinki ilivyoshikwa, na hapa naomba utulie. Kuanzia LGA775 ya mwaka 2004, aina ya soketi inayoshika prosesa kwenye mazabodi, hitisinki nyingi za Intel zilizokuja na prosesa zimefungwa kwa pini nne za plastiki. Pini moja ikichomoka, hitisinki huinama upande mmoja kwa unene wa kucha, jicho halioni kitu, na sehemu ya prosesa inabaki bila kugusana na chuma. Shika hitisinki kwa vidole viwili na uitikise kidogo kidogo: ikisogea hata kidogo, umempata mhalifu. Pini hizo hurudishwa kwa kukandamiza mbili zinazokabiliana kwa mshazari, kisha mbili nyingine, mpaka usikie mlio wa kuingia. Na uhakika wa kweli hupatikana kwa kutazama nyuma ya mazabodi, ambako miguu yote minne inapaswa kuonekana imetokeza na kutanuka sawasawa. Mguu uliokatika hauna tiba ya gundi. Nunua pini nyingine au hitisinki nyingine.

Ukishaitoa hitisinki, usiirudishe na pesti ya zamani, ule utomvu unaopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki. Ifute yote kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti safi, weka pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati ya prosesa, na uache mgandamizo wa hitisinki uieneze. Kwa prosesa za AMD za soketi zenye miguu kwenye prosesa yenyewe, washa mashine kwanza kwa dakika kadhaa ili pesti ilainike, kisha zima, chomoa waya, na uizungushe hitisinki kidogo kabla ya kuinyanyua. Ukiivuta kwa nguvu ikiwa baridi inaweza kung’oka pamoja na prosesa na kupinda miguu.

Pawa saplai

Usifungue kasha la pawa saplai. Kapasita za ndani, vile vijikopo vinavyohifadhi umeme, hukaa na umeme wa volti 320 hivi, na huweza kuubakiza kwa muda baada ya waya kuchomolewa. Kinachoweza kufanywa kwa usalama kwa nje kinatosha: nusa kama kuna harufu ya kuungua, mulika tochi kwenye matundu uone kama feni imekwama au kama mjusi ameingia na kufia humo, jambo ambalo hutokea kweli na huleta shoti, na uangalie viunganishi vinavyoingia kwenye mazabodi. Toa kile kikubwa cha pini 24 na kile cha pini nne au nane kilicho karibu na prosesa, na utazame ndani ya kila tundu. Plastiki iliyogeuka kahawia au pini iliyopoteza mng’aro ni mahali paliposhika moto. Hapa pwani hewa ya chumvi huweka kutu nyembamba kwenye miguso, na wakati mwingine kuchomoa na kuchomeka mara tatu nne kunarudisha mguso mzuri.

Kwa aliye na multimita, iweke kwenye umeme wa DC, kipimo cha volti 20, na utumie kiunganishi kisicho na kazi cha waya nne chenye manjano, nyeusi mbili na nyekundu, mashine ikiwa inawaka. Ncha nyeusi iende kwenye waya mweusi. Waya wa manjano unapaswa kutoa volti 12, na kiwango kinachokubalika ni kati ya 11.4 na 12.6, waya mwekundu volti 5, kati ya 4.75 na 5.25. Angalia namba mashine ikiwa imetulia, halafu ipe kazi nzito. Ikitoka 12.1 ikashuka hadi 11.3 kila kazi inapozidi, pawa saplai imechoka. Ikibaki imara, bado usiitangaze kuwa nzima, kwa sababu multimita ya kawaida husoma polepole na haiwezi kuona mporomoko wa milisekunde chache. Kipimo kinachomaliza ubishi ni kuazima pawa saplai ambayo unajua ni nzima, yenye uwezo wa kutosha, na kuifunga kwa siku mbili.

Katika kuazima, jihadhari na kompyuta ndogo za ofisini zilizokuja kwa mtumba kutoka Ulaya. Nyingi zina pawa saplai za umbo na viunganishi vya mtengenezaji mwenyewe, na kiunganishi kinachofanana kwa macho kinaweza kuwa na mpangilio tofauti wa nyaya. Linganisha maandishi ya lebo na idadi ya pini kabla ya kuchomeka chochote. Ikiwa mashine ilianza kuzima baada ya kuongezewa kadi ya picha kwa ajili ya michezo au kuhariri video, hesabu wati zilizoandikwa kwenye lebo upande wa volti 12, kwa kuwa hapo ndipo kadi na prosesa hula. Namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi la pawa saplai ya bei rahisi si ya kuaminika sana.

Yaliyobaki

Swichi ya kuwashia husahaulika. Ikikandamizwa kwa sekunde nne hivi mashine huzima kwa nguvu, kwa hiyo swichi iliyokwama ndani kwa uchafu huzima mashine muda mfupi baada ya kuwaka, kila mara. Washa, kisha chomoa ule waya mwembamba wa swichi kwenye mazabodi. Mashine ikiendelea kuwaka vizuri, tatizo ni swichi.

RAM mbovu huleta zaidi kioo cha bluu na kujiwasha upya kuliko kuzima kabisa. Itoe, safisha meno yake ya dhahabu kwa kifutio cheupe, irudishe mpaka vishikio vijifunge, na uipime kwa MemTest86 usiku kucha. Ukiwa na vipande viwili, jaribu kimoja kimoja.

Mazabodi ndiyo ya mwisho. Mulika kapasita zake: kichwa kilichovimba au chenye ukoko wa kahawia kimekwisha kufa, na mashine za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliugua sana maradhi haya. Fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea risasi anaweza kuzibadilisha. Kisha shuku shoti: skrubu iliyodondoka, mguu wa kushikilia ubao uliofungwa mahali pasipo na tundu, au tundu la USB la mbele ambalo ulimi wake umepinda. Toa ubao wote, uweke juu ya kadibodi kavu ukiwa na prosesa, hitisinki, kipande kimoja cha RAM na pawa saplai tu. Ukikaa bila kuzima hapo, rudisha kifaa kimoja kwa siku moja, na kitakachorudisha tatizo ndicho chenye tatizo. Ukizima hata hapo, na pawa saplai ni ile nzima uliyoazima, umebaki na mazabodi na prosesa, na kati ya hivyo viwili mazabodi ndiyo hufa mara nyingi zaidi.

Baada ya matengenezo, usiikabidhi mashine kwa sababu imekaa saa moja bila kuzima. Rudi kwenye daftari, tafuta muda mrefu zaidi uliowahi kupita kati ya kuzima kumoja na kwingine, uzidishe mara mbili, na uiache mashine ifanye kazi yake ya kawaida kwa muda huo wote. Ikiwa ilikuwa ikizima kila baada ya siku tatu, ipe siku sita. Siku ya sita fungua tena kumbukumbu za mfumo, chuja kwa namba 41, na tukio la mwisho katika orodha likiwa na tarehe ya kabla ya matengenezo, rudisha pawa saplai ya watu na ufunge skrubu za ubavuni.